Tangazo Lisipouza, Anzia Mwisho

Mfanyabiashara aliyelipia tangazo Instagram au Facebook na asione mauzo huwa na maswali mawili tayari mdomoni: nibadilishe picha, au niongeze bajeti? Yote mawili yanahusu mwanzo wa safari. Picha ndiyo anayoiona mteja kwanza, na bajeti ndiyo anayoijaza muuzaji kwanza. Ushauri wangu ni kinyume chake. Kampeni iliyokwama ichunguzwe kuanzia pale pesa ilipotakiwa kuingia, kisha mtu arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye picha. Kwa biashara nyingi za hapa kwetu, tatizo litakuwa limeshajitokeza kabla hajafika huko.

Nasema za hapa kwetu kwa sababu ya namna tunavyouza. Muuza mabegi wa Kariakoo au mshona magauni wa Sinza kwa kawaida hana tovuti yenye kikapu na kitufe cha kulipia. Tangazo lake linampeleka mteja WhatsApp au DM, wanaelewana bei kwa ujumbe, na mteja analipa kwa lipa namba au anampa bodaboda pesa taslimu mzigo ukifika. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, inaona mazungumzo yakianza. Pesa ikiingia haioni. Kwa hiyo ripoti inayosomwa kwa shauku kila asubuhi inaishia mlangoni mwa duka. Ya ndani anayajua muuzaji peke yake, na mara nyingi hata yeye hajayaandika popote.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mtu anauza viatu vya kike, na kila jozi inamwachia faida ya shilingi 15,000 akishatoa bei ya mzigo na usafiri. Anaweka bajeti ya shilingi 20,000 kwa siku kwa siku 10, jumla 200,000. Ripoti inamwambia amepata mazungumzo 160, yaani kila moja limemgharimu shilingi 1,250. Ameuza jozi 12. Faida ya jozi hizo ni 180,000, tangazo limekula 200,000, amepata hasara ya 20,000. Atakwambia tangazo lilikuwa baya. Lakini watu 160 waliacha walichokuwa wanakitazama wakamwandikia! Kila mnunuzi amemgharimu kama shilingi 16,700, na namba hiyo imetokana na mambo mawili: bei ya ujumbe mmoja, na sehemu ya jumbe zinazogeuka mauzo, ambayo hapa ni 7.5%. La kwanza ni la tangazo. La pili, kwa kiasi kikubwa, ni la anayeshika simu ya biashara. Jumbe hizohizo 160 zikizaa mauzo ya jozi 20, faida inakuwa 300,000 na anabaki na 100,000 mkononi, bila kugusa picha, walengwa wala bajeti.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kufungua simu na kusoma mazungumzo moja baada ya jingine, yale yaliyofia njiani kwa makini zaidi kuliko yaliyoishia kwenye mauzo. Utakuta kitu kama hiki. Saa mbili na robo usiku mteja anaandika: "Habari, hivi bei gani?" Kesho yake saa tano asubuhi anajibiwa: "Habari mpendwa, karibu sana. Umependa vipi?" Mteja: "Hivyo vya kwenye tangazo." Saa nane mchana: "Sawa mpendwa, unavaa saizi ngapi?" Hapo mteja kanyamaza. Aliuliza swali moja, na karibu siku nzima imepita bila swali hilo kujibiwa. Muuzaji amekuwa na adabu, amemwita mpendwa mara mbili, na amempoteza.

Tazama pia saa. Watu wengi hushika simu usiku, kazi zikiisha na watoto wakilala, na mfumo wa matangazo unalijua hilo kwa hiyo unatumia pesa yako zaidi muda huo. Duka lenyewe limefungwa saa kumi na mbili na simu ya biashara imebaki kwenye chaji. Mteja mwenye hamu ya saa tatu usiku hana hamu hiyohiyo saa tano asubuhi. Usiku ule ule kaona matangazo mengine manne ya viatu, na mmoja wa wauzaji hao kamjibu. Kama huwezi kuweka mtu wa kujibu hadi saa nne usiku, angalau programu ya WhatsApp Business ina jibu la moja kwa moja: liandike libebe bei, saizi zilizopo, eneo la duka na namna ya kupata mzigo. "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde" halimwambii mtu chochote.

Hapa nina neno na ndugu zangu wanaoficha bei. Tabia ya kuandika "bei njoo inbox" imeota mizizi, na najua sababu zake: mshindani asione, mteja asikimbie kabla hajaelezwa ubora, na maoni ya "bei?" yanaifanya posti ionekane ina watu. Kwa posti ya bure, kila mtu na duka lake. Kwenye tangazo la kulipia hesabu inabadilika. Mtu ambaye bei ingemfukuza bado atafukuzwa nayo, tofauti ni kwamba sasa umelipa shilingi 1,250 ili umfukuze wewe mwenyewe inbox, na umepoteza dakika tano za kumjibu ambazo alizihitaji yule mwenye pesa mkononi. Bei ikiandikwa kwenye picha jumbe zitapungua, na kila ujumbe utaonekana ghali zaidi kwenye ripoti. Usiogope. Angalia gharama ya mnunuzi, uache gharama ya ujumbe.

Sababu nyingine ya mazungumzo kufa ni woga wa kutapeliwa, na woga huo una haki kabisa. Mteja wa Mbeya anayeambiwa "tuma kwanza hela ndiyo nikupakilie" kwenye akaunti asiyoifahamu anafikiria mara mbili, kwa sababu ama yeye ama jirani yake ameshalizwa. Muuzaji mkweli analipia dhambi za matapeli. Njia ya kumtuliza mteja ni vitu vya kushikika: video ya duka ikionyesha mtaa na kibao, malipo baada ya kupokea kwa walio mjini, picha ya risiti ya basi kwa walio mikoani. Nimeona mazungumzo mengi yakifufuka kwa picha moja ya risiti ya mzigo wa mteja mwingine, namba ya simu ikiwa imefichwa.

Ukishajua kinachotokea ndani, ndipo uje kwenye vipimo. WhatsApp Business ina lebo, zitumie. Mpe kila anayeingia lebo moja: mpya, ameambiwa bei, amelipa, amenyamaza. Baada ya wiki mbili utakuwa na ripoti ambayo Meta haiwezi kukupa. Na hata ile namba ya mazungumzo wanayokupa uisome kwa tahadhari, maana mteja wako wa zamani aliyekaa kimya kwa siku 7 akirudi kupitia tangazo anahesabiwa kama mazungumzo yaliyoanza upya. Unaweza kudhani umepata sura mpya kumbe nusu yao ni wateja wako wa mwaka jana.

Wenye tovuti wana shida za aina nyingine. Pikseli, ule msimbo mdogo unaowekwa kwenye tovuti ili uripoti nani alifika na nani alinunua, mara nyingi umewekwa mara mbili, au unaripoti mauzo mtu akifungua tu ukurasa wa malipo. Jaribio lake ni rahisi: linganisha mauzo yanayodaiwa na mfumo na oda zilizopo kwenye daftari au benki kwa wiki moja. Zikipishana kidogo ni kawaida. Mfumo ukidai mauzo 40 na benki ina 22, usiendelee na jambo lolote mpaka ujue kwa nini, kwa sababu kila uamuzi utakaofanya baada ya hapo utajengwa juu ya namba ya uongo. Linganisha pia idadi ya waliobofya na idadi ya walioufikia ukurasa. Kama elfu moja wamebofya na mia nne tu ndio ukurasa uliwafungukia, basi tovuti ni nzito. Mtu mwenye bando la kupima hasubiri picha za megabaiti tano zishuke.

Vipimo hivi vina historia inayofaa kujulikana. Aprili 2021 Apple ilitoa iOS 14.5, na kuanzia hapo programu yoyote iliyotaka kumfuatilia mwenye iPhone kwenye programu na tovuti za wengine ililazimika kumwomba ruhusa. Wengi walikataa. Februari 2022 David Wehner, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Meta, alikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia kampuni mapato ya dola bilioni 10 mwaka huo, na hisa zake zikaporomoka kwa zaidi ya robo ndani ya siku moja. Simu nyingi za hapa kwetu ni za Android, kwa hiyo mtu anaweza kudhani hayamhusu. Yanamhusu. Wakati huohuo Meta ilibadilisha namna ya kuhesabu kwa watangazaji wote: zamani mauzo yaliyotokea ndani ya siku 28 baada ya mtu kubofya yaliweza kuhesabiwa kuwa ya tangazo, sasa hesabu ya kawaida ni siku 7 baada ya kubofya au siku 1 baada ya kuona tu. Anayeuza kitu cha kufikiria, kiwanja au ada ya chuo kwa mfano, wateja wake wanaamua baada ya wiki tatu. Kwenye ripoti hawaonekani, na kampeni nzuri inazimwa kwa kosa la kuwa na wateja makini.

Sasa tuje kwenye lengo, na hapa ndipo pesa nyingi zinapoteketea kimyakimya. Unapofungua kampeni unaulizwa unataka nini: kujulikana, watu watembelee tovuti, watu wajihusishe na posti, taarifa za wateja, watu wapakue programu, au mauzo. Wengi huona hilo kama fomu ya kujaza haraka. Kumbe ndiyo amri kuu. Kila mara mtu anapofungua Instagram, matangazo yanashindanishwa kwenye mnada, na anayeshinda si lazima awe mwenye pesa nyingi. Mfumo unachukua kiasi ulichotaja, unazidisha na uwezekano kwamba mtu huyu atafanya kile ulichokiomba, unaongeza ubora wa tangazo, kisha unachagua. Neno la kushika hapo ni "ulichokiomba". Ukiomba watu wajihusishe, utaletewa watu ambao tabia yao ni kulaiki, na wapo wengi, wanalaiki kila kitu, na ni rahisi kuwapata. Ukiomba mibofyo, utaletewa wabofyaji, wakiwemo wanaobofya kwa bahati mbaya wakicheza gemu ndani ya programu nyingine ambako tangazo lako limetokea. Mfumo umetii.

Kitufe cha kulipia posti kilicho chini ya kila picha, ambacho wengi wanakitumia "kubusti", kina tatizo hilohilo kwa sehemu. Kinarahisisha, na kwa kurahisisha kinakuchagulia. Mtu anabusti posti iliyopata laiki nyingi akiamini ndiyo nzuri, kwa lengo ambalo hata hakulisoma, anapata laiki elfu tatu, anarudi dukani anakuta kimya. Ningependa kila anayelipia tangazo kwa pesa ya kikoba au ya mkopo aingie kwenye Ads Manager, sehemu ya Meta ya kusimamia matangazo, walau mara moja, aone lengo lake limeandikwa nini. Mara nyingi uchunguzi wote unaishia kwenye mstari huo mmoja.

Ila lengo sahihi nalo lina sharti lake. Mfumo unahitaji mifano ili ujifunze, na Meta wenyewe wanasema seti moja ya matangazo inahitaji matukio kama 50 ya kile ulichokiomba ndani ya wiki moja ili itoke kwenye kipindi cha kujifunza. Mrudie yule muuza viatu. Mnunuzi mmoja anamgharimu kama shilingi 16,700. Wanunuzi 50 kwa wiki ni zaidi ya shilingi 830,000. Bajeti yake ya wiki ni 140,000. Hata angekuwa na tovuti, akiomba mauzo mfumo ungebaki unabahatisha miezi yote. Akiomba mazungumzo, kwa 1,250 kila moja, anapata zaidi ya 100 kwa wiki, na mfumo unashiba. Kwa bajeti ndogo, chagua tukio la karibu zaidi na pesa ambalo bado linatokea mara nyingi. Halafu usilikate vipande. Nimeona bajeti ya 20,000 kwa siku imegawanywa kwenye seti tano: wanawake wa Dar, wanawake wa Arusha, wapenda mitindo, wapenda harusi, na waliowahi kutembelea ukurasa. Kila seti ina 4,000. Zote tano zina njaa.

Na mikono itulie. Ukibadilisha walengwa, picha au tukio unaloliomba, ukiongeza tangazo jipya kwenye seti, au ukipandisha bajeti kwa kiasi kikubwa, kipindi cha kujifunza kinaanza upya. Kuna watu wanaiamkia kampeni kila siku na badiliko moja, na wiki mbili baadaye hawajui lipi lilisaidia na lipi liliharibu. Najua inauma kuiangalia pesa ikitoka siku ya pili bila mteja hata mmoja. Amua kabla ya kuanza ni kiasi gani uko tayari kukipoteza ili ujifunze, tuseme gharama ya wateja watatu, na kabla ya kiasi hicho kuisha usiguse kitu. Kikiisha bila dalili yoyote, zima.

Kuhusu walengwa nitasema machache, kwa sababu naona watu wanalipa suala hili uzito mkubwa kuliko stahili yake. Mwaka 2016 Procter & Gamble, mmoja wa watangazaji wakubwa kabisa duniani, ilitangaza kupunguza matangazo ya kulenga kwa ufinyu Facebook. Kwa dawa yao ya kuondoa harufu, Febreze, walikuwa wamelenga wenye wanyama wa nyumbani na familia kubwa. Mauzo yalidumaa, yakapanda walipopanua tangazo kwa kila mwenye zaidi ya miaka 18. Marc Pritchard, mkuu wao wa masoko, alikiri kwamba walikuwa wamebana mno. Tangu wakati huo mifumo imezidi kuwa hodari wa kumtafuta mnunuzi yenyewe, na kumbana kwa vigezo kumi kunakupandishia bei tu. Weka eneo unaloweza kufikisha mzigo, umri wa busara, basi.

Lakini kuna mtego mmoja ambao ni wa kwetu hasa. Muuzaji anatangaza kwa Kiswahili, anaona sehemu ya lugha, anachagua Kiswahili, anadhani amefanya la maana. Mfumo unaitambua lugha ya mtu kwa kiasi kikubwa kupitia lugha aliyoiweka kwenye akaunti yake, na Watanzania na Wakenya wengi mno, wanaoota ndoto kwa Kiswahili, simu zao zinaongea Kiingereza tangu zilipotoka kwenye boksi. Chaguo hilo moja linawafungia nje. Iache sehemu hiyo wazi. Tangazo lenyewe kwa Kiswahili litajichagulia watu. Wanaopaswa kuitumia ni wale wanaowatafuta Waswahili walio Muscat au London, na hata wao wajue watawakosa wengi.

Ndiyo kwanza tumefika kwenye picha, na kwa wakati huu maswali yako kwake yatakuwa yamekomaa. Tangazo likishaonyeshwa angalau mara 500, mfumo unalipima dhidi ya matangazo mengine yanayogombea watu haohao kwa mambo matatu: ubora, mwitikio, na uwezekano wa kufikia tukio uliloliomba. Yasome kwa pamoja. Mwitikio ukiwa juu na hilo la mwisho likiwa chini, picha inavutia watu wasio wanunuzi. Mara nyingi ina kichekesho, mtu maarufu, au ahadi ambayo duka haliitimizi. Mwitikio ukiwa chini na la mwisho likiwa juu, wachache wanaosimama wananunua, kwa hiyo ofa ni nzuri ila haionekani. Hapo badilisha mwanzo wa video, uache mengine. Bidhaa ionekane sekunde ya kwanza, ikiwa mkononi au mwilini mwa mtu, na maneno yasomeke bila sauti, maana wengi wanatazama simu ikiwa kimya. Nembo inayozunguka kwa sekunde nne mwanzoni ni pesa inayomwagwa.

Tangazo lililouza vizuri mwezi mzima kisha likafifia lina ugonjwa tofauti. Angalia namba ya wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona. Ikipanda huku gharama ya ujumbe nayo inapanda, watu wamelichoka, hasa kama mji wako ni mdogo. Mwanza haina watu wasioisha. Hapo ndipo picha mpya inapohitajika kweli, pengine bidhaa ileile ikielezwa na mteja badala ya muuzaji. Ila kabla ya kulilaumu tangazo angalia kalenda. Januari ni mwezi wa ada na sare. Katikati ya mwezi mshahara umeisha. Wiki ya mwisho ya Ramadhani kila duka la nguo linatangaza, mnada unapanda bei, na nguo zinatoka kwa kasi kuliko wakati wowote. Kulinganisha wiki hiyo na wiki iliyofuata Idi, halafu kumfokea aliyetengeneza tangazo, ni dhuluma.

Mengine ni ya kukagua haraka: kadi ya mtandaoni iliyoishiwa salio na kuisimamisha kampeni usiku wa manane, tangazo lililokataliwa bila wewe kufungua taarifa, namba ya WhatsApp iliyokosewa tarakimu moja. Na kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT ni 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, na inaweza kutozwa juu ya bajeti uliyoiandika. Kuna pia ubadilishaji wa fedha wa kadi yako. Gharama ya mteja ipigwe kwa pesa iliyotoka kwenye akaunti.

Limebaki swali gumu kuliko yote, ambalo huulizwa mara chache kwa sababu linakuja kampeni inapoonekana inafanya vizuri: hao waliohesabiwa kama mauzo ya tangazo, wasingenunua bila tangazo? Mwaka 2012 kampuni ya eBay ilizima baadhi ya matangazo yake ya kulipia kwenye mitambo ya utafutaji, yale yanayotokea mtu akitafuta jina la eBay lenyewe. Karibu wote waliokuwa wakibofya tangazo walifika eBay vilevile kupitia matokeo ya bure. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis waliendelea na majaribio ya kuzima matangazo mengine kwa maeneo, na katika utafiti wao uliochapwa 2015 walionyesha kwamba wateja wa mara kwa mara hawakuguswa na matangazo. Walioguswa ni wapya na wale wanaonunua kwa nadra. Upande wa Facebook, Brett Gordon na wenzake mwaka 2019 walichapa uchambuzi wa majaribio 15 yaliyofanyika Marekani, na wakaonyesha kwamba njia za kawaida za kukadiria mchango wa tangazo bila jaribio lenye kundi la kulinganisha mara nyingi zinakosea, na hukuza zaidi kuliko kupunguza.

Kwa mfanyabiashara mdogo maana yake ni hii. Tangazo linalowafuata waliokwisha kutembelea ukurasa wako, au wafuasi wako, karibu kila mara litaonekana ndilo bora kwenye ripoti, kwa sababu linasimama mbele ya mtu aliyekuwa tayari ameshika pochi. Ukilizima mauzo yanaweza yasitikisike. Anayeuza mikoani anaweza kujaribu mwenyewe: chagua miji miwili ambayo kwa kawaida inakununulia kwa kiasi kinachokaribiana, tuseme Dodoma na Morogoro, zima matangazo mji mmoja kwa wiki tatu, uache mwingine, kisha hesabu mizigo iliyopakiwa kwenye mabasi ya kila upande. Jaribio hili lina kasoro zake, miji haifanani na wiki tatu ni chache. Bado linakwambia kitu ambacho ripoti ya kawaida ya Meta haitakwambia, na halikugharimu kitu. Ukikuta mji uliozimwa umeuza vilevile, pesa hiyo ihamie kwa watu ambao hawajawahi kukusikia, hata kama ripoti yao itaonekana mbaya mwanzoni.

Na kuna biashara ambazo baada ya uchunguzi wote huu hesabu inagoma. Anayeuza sabuni ya kipande yenye faida ya shilingi 800, mnunuzi akimgharimu shilingi 5,000, hana tangazo la kurekebisha. Anaweza kuuza boksi la vipande 12, ambalo faida yake ni 9,600, au kumtafuta mwenye saluni atakayenunua kila mwezi. Akishindwa yote mawili, pesa ya tangazo anunulie mzigo, na wateja alionao awarudie kwa ujumbe wa WhatsApp, mmoja mmoja, kwa majina yao, sabuni zao zinapokaribia kuisha.